Unga wa Ghala la Mwera na Chumvi ya Haluli

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Pangani, 13 Juni 1956
Jina: Kristina Fanueli. Umri: miaka 24. Kazi: mgawa dawa, zahanati ya shamba la mkonge. Makazi: Mwera.

Saa ninazotaja nazisoma katika shajara yangu.

Mnamo tarehe 12 Juni 1956, Jumanne, kulikucha kwa manyunyu na upepo wa kusi. Saa 3:10 asubuhi wakata mkonge sita waliletwa zahanatini wakitapika na kuharisha. Ruthi, aliyekuwa hoi kuliko wote, alisema midomo inamfa ganzi na miguu haimbebi. Wote walikuwa wamekunywa uji wa shamba.

Nilikwenda jikoni. Mpishi, Bi Mwatumu, alisema unga alipewa na mtunza ghala, Jumbe, ukiwa umeshachekechwa. Nikamfuata Jumbe ghalani.

"Ni ule wa kutegea panya," alisema. "Mavi yote ya panya nimeyachekecha. Ulitaka niutupe?"

Bati la sumu ya panya lilikuwa mezani kwake: bariamu kabonati. Kando yake alikuwa anakula mkate wa unga wa gunia jingine.

Shuleni tulifundishwa kwamba unga wa sumu hiyo hauyeyuki majini, lakini tindikali ya tumbo huuyeyusha, ukaingia damuni. Ukikutana na chumvi ya haluli, chumvi hizo mbili hubadilishana wenzi, na bariamu hupata mwenzi asiyeyeyuka kabisa. Hapo hupita tumboni kama mchanga. Saa 3:40 niliwanywesha haluli wote sita.

Jumbe alisimama mlangoni. "Wanaharisha, nawe unawapa haluli? Dada, ulisomea kuua?" Nilikuwa na ndoo mikononi.

Saa 8 mchana matapishi yalikoma. Ruthi aliomba chai.

Saa 9 askari watatu walifika, nami nilikuwa chumba cha nyuma na wagonjwa. Jumbe aliwaambia kwamba mpishi ndiye aliyetia sumu, na ushahidi ni kwamba uji wake mwenyewe hakuugusa. Bi Mwatumu aliulizwa sababu, akainama, akanyamaza. Akachukuliwa. Nilipata habari hizi magharibi.

Bi Mwatumu alikuwa amefunga. Analipa siku zilizompita Ramadhani. Aliniambia Jumatatu, nami niliandika. Siku hizo mwanamke hupitwa nazo bila kupenda, wala hawezi kuzieleza mbele ya wanaume wanne, mmoja wao Jumbe akitabasamu. Basi nazieleza mimi.

Nimeleta unga uliobaki jikoni. Jana usiku niliumwagia siki, ukatoa povu. Nilichuja mara tatu, kisha katika maji yale nikatia maji ya haluli. Yakageuka kama tui, na weupe ukazama chini. Unga wa dukani niliufanyia vivyo hivyo, haukutoa kitu.

Nimezoea matapishi; ndiyo kazi yangu. Ila nilipopita ghalani jioni, chekecheke alilochekechea unga ule lilikuwa limeshatundikwa msumarini, kavu, halikuoshwa.

Niliyoyaona na kuyapima ni hayo, sina jingine. Niliosha mikono mara nne, nikalala saa 8:25 usiku.

(Sahihi) Kristina Fanueli

Nimemsomea shahidi maelezo haya, naye amekiri ni yake. Unga na chekecheke vimechukuliwa. Jumbe ameitwa kituoni. Mpishi ametolewa mahabusu saa 4:20 asubuhi. Alipewa chai, akasema amefunga.
Sajini Timotheo