Sauti ya Mama Jikoni

Mwenzangu, usinipigie. Simu yangu anayo baba, naandika kwa kompyuta.

Unaikumbuka ile video yangu ya zoezi la darasani? Mama jikoni anafuatisha wimbo kwa midomo, mwiko ndiyo maikrofoni. Tuliicheka mpaka mbavu zikauma.

Leo baba kaniomba niiweke. Tangu tumzike mama hajaomba kitu, hata chai.

Nikaiweka. Akatabasamu. Baba katabasamu!

Halafu akasema, "Mwanangu, punguza huo muziki nimsikie mama yako."

Nimsikie mama yako. Jamani!

Si unajua tulivyofundishwa? Wimbo ukishaendana na midomo, sauti ya kamera unaitoa. Niliitoa. Na klipu zenyewe nikazifuta, simu ilikuwa imejaa. Humo mama alikuwa ananitania, ananiita bosi wa kamera, anakosea maneno na kujicheka mwenyewe. Vyote nilivifuta kama takataka.

Nikapunguza muziki mpaka ukaisha kabisa.

Midomo ya mama inakwenda, kimya.

Akaniuliza polepole, "Mbona hasikiki?"

Nimekimbilia chumbani. Mlango uko wazi, namwona. Simu bado anayo. Ameiweka sikioni.