Kibanio Chekundu

Kaka yangu mpendwa,

"Mtu mzima anayefufua kichezeo amekosa kazi, na kilichovunjika miaka thelathini na minne iliyopita kiachwe kilale." Ndivyo ulivyoniandikia, kwa mwandiko wa shemeji, maana miwani hutaki kuvaa na bado unadai unaona. Nimezisoma sentensi zako mara nyingi kuliko zinavyostahili, na nitazijibu kama ulivyonizoea. Lakini adabu kwanza. U hali gani? Magoti yanasemaje? Shemeji naye hajambo, na bado ndiye anayepanda juu ya stuli kubadilisha balbu huku wewe umeishika stuli na kumwombea dua? Huku kwetu sote wazima. Mke wangu anakusalimu sana. Baba anakula vizuri, anatembea na fimbo yake, na anasikia kila kitu isipokuwa anapoambiwa akapumzike.

Sasa hoja zako. Nyigu wako si kichezeo. Kichezeo hakina kanuni, hakina mshika saa, hakina karani mwenye daftari, wala hakimwachi mtu na vidole viwili visivyokunjika. Lile lilikuwa gari la mashindano, dogo tu kwa umbo. Na hakuwa amelala. Nimemfungua mimi mwenyewe. Betri ilikuwa imevuja, unga wa kijani umetambaa kwenye waya mpaka karibu na mota, na matairi yamepasuka kama visigino vya mtu asiyejua mafuta. Vitu havilali, Kaka. Vikiachwa vinaoza, na aliyeviacha ndiye anayeuita uozo huo usingizi.

Tena si mimi niliyemtafuta. Paa la karakana ya Baba lilianza kuvuja, tukasogeza kabati, na nyuma yake tukalikuta boksi la Nyigu. Baba akaomba aletewe mapajani. Akalizungusha gurudumu la nyuma kwa mkono wa kushoto, akasikiliza, akasema gia zimekauka. Kisha akanieleza kuwa chama kinaandaa siku ya magari ya zamani tu, Jumapili ya pili ya mwezi ujao ukihesabu kutoka barua hii, kwenye uwanja ule ule wa nyuma ya maghala. Anataka kumwona Nyigu akizunguka mara kumi, na rimoti anataka uishike wewe. Nilimkumbusha kwamba mimi nami najua kuendesha. Akasema mimi najua kusema.

Basi nimefanya kazi wiki saba. Ile mikono ya mbele ya nailoni inayoshika magurudumu ilikuwa imekauka kiasi cha kuvunjika ukiitazama vibaya, na Baba akaniagiza niichemshe kwenye maji ili irudishe ulaini. Nikachukua sufuria ya mke wangu. Alisimama mlangoni akauliza kama atie chumvi. Waya nimezisafisha kwa siki na mswaki. Nyufa za matairi nilimpelekea fundi viatu wa kona, akayageuza geuza, akaniuliza mwenye mguu huo anavaa namba ngapi, lakini kazi yake ni safi. Bodi nimeipaka njano ile ile na mistari miwili myeusi. Skrubu mbili niliziharibu vichwa. Baba alisikia bisibisi ikiteleza, na yeye ameketi upande wa pili wa chumba, akaniambia ninalazimisha, na skrubu si serikali.

Ungefikiri nilikuwa na furaha. Sikuwa nayo. Kila kipande nilichokifungua nilikifungua nikitafuta kosa. Nilitaka waya uliokatika, Kaka. Nilitaka jino la gia lililovunjika, usukani uliokwama, kitu chochote cha chuma ambacho ningemwonyesha Baba na kumwambia hiki hapa ndicho kilichofanya. Niliangusha beringi moja na kuitafuta kwa magoti nusu saa nzima, na mke wangu akaniuliza ninaumwa nini, kwa sababu chai inapoa mbele yangu kila siku na gazetini nimeanza kupeleka makala bila ugomvi ndani yake. Mhariri naye akaniuliza kama nimeokoka. Sikupata waya uliokatika. Sikupata chochote. Ile mota ndogo ya usukani, baada ya miaka yote hiyo, ilizunguka kushoto na kulia kama shingo ya kuku.

Wiki iliyopita nilitia betri mpya, nikawasha rimoti yako ya zamani. Nyigu alitii kila amri. Baba aliweka kiganja kwenye magurudumu ya mbele, akahisi yanavyogeuka. Halafu akasema kwa sauti ya chini kwamba gari halikuwa na kosa. Akaondoa kiganja. Kisha akasema, basi ni kweli kilikuwa kidole cha yule kijana.

Yule kijana ni wewe. Na mimi nilikuwa nimeshika kitambaa, nikaendelea kufuta kitu kilichokwisha kutakata.

Siku ile unaikumbuka kuliko mimi. Wewe ulikuwa na miaka kumi na minane, umesimama juu ya jukwaa na wenzako. Baba alikuwa amechuchumaa kwenye kona ya mbao, kazi yake kuyainua magari yanayopinduka. Nyigu aliingia kwenye kona bila kupunguza, akatoka njiani, akaubana mkono wa Baba kwenye ukingo wa mbao. Fundi redio, mkono wa kulia. Tangu siku hiyo hajashika chuma cha kulehemu. Ulishuka jukwaani ukasema mbele ya watu wote kwamba kidole kilikuganda kwenye rimoti, kwamba uliogopa ukashindwa kuachia. Nadhani ulikuwa unatafuta tu maelezo, ukayapata, ukayaamini. Mwezi uliofuata uliiacha karakana, ukaenda kupima magunia. Hujashika bisibisi tena. Shemeji unayemsomea, huyu mume wako unayemwita mvivu, haogopi kazi. Anaiogopa mikono yake.

Sasa soma hapa polepole.

Unaukumbuka ubao wa karani, wenye vibanio vya nguo vya rangi. Kila rangi ni masafa yake ya redio. Kabla hujawasha rimoti, unachukua kibanio cha rangi yako, unakibana kwenye antena, na mpaka utakapokirudisha hakuna mwingine anayeruhusiwa kuwasha rangi hiyo, maana gari moja haliwezi kusikiliza rimoti mbili. Rangi yenyewe huamuliwa na kile kipande kidogo kama jino kinachochomekwa ndani ya rimoti, tulichokuwa tukikiita kristali. Wewe ulikuwa nyekundu. Kibanio chekundu kilikuwa kwenye antena yako, kila mtu alikiona. Ndiyo maana hakuna aliyeuliza nani mwingine alikuwa amewasha. Hakuna aliyewaza kuwa mtu anaweza kuwasha bila kwenda ubaoni.

Mimi niliwasha.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na nilikuwa na ile rimoti Baba aliyoniungia kwa mabaki. Asubuhi ile ulisema mbele ya rafiki zako kwamba rimoti yangu haiwezi kumshtua hata kuku. Wakacheka. Nikaenda kwenye droo ya Baba nikachukua kristali. Usinisaidie kwa kusema sikujua. Nilitazama rangi. Nilichagua nyekundu. Nikajificha nyuma ya kreti za soda, nikangoja fainali, na ulipoingia mzunguko wa saba nikawasha na kuisukuma ile swichi ya mwendo mpaka mwisho. Nilitaka Nyigu ashikwe na kigugumizi kidogo, ukose kombe la tatu, basi. Nikahesabu hadi tatu. Kwenye tatu nilisikia sauti ya Baba, nikazima. Kabla hamjarudi kutoka hospitali kristali ilikuwa drooni, mahali pake, na mimi nilikuwa nimeshawachemshia maji ya kuoga. Mama alinisifu.

Kidole chako hakikuganda. Uliachia, Kaka. Nimefikiria sana, na nina hakika uliachia mapema kabisa, ila gari lilikuwa linanisikiliza mimi.

Sijamwambia Baba. Nimekaa naye chumba kimoja wiki saba, na kila alipovuta pumzi kabla ya kusema neno nilidhani ataniuliza. Hajaniuliza. Najua utauliza mimi ninayewaandikia wakubwa kila Ijumaa kwamba wakiri makosa yao ningepaswa kuanza wapi, na hapo umenishinda, jambo ambalo litakufurahisha. Lakini najua pia utakalofanya. Utaniandikia mstari mmoja: mambo ya utoto, nimekusamehe, tusimsumbue Mzee. Utausema wema huo ili usije. Naukataa mapema. Huo si msamaha. Ni kulirudisha boksi nyuma ya kabati, na safari hii mimi na wewe tutakuwa tumelibeba pamoja. Na Baba atakufa akiamini kwamba mwanawe wa kwanza alishikwa na hofu siku moja na kumgharimu mkono. Wewe unaweza kulibeba hilo, umelizoea. Mimi nimechoka kukutazama ukilibeba.

Jana nilikwenda kwa karani wa chama kumwandikisha Nyigu. Karani ni mpya, ubao ni ule ule, hata misumari yake imepinda vile vile. Kibanio chekundu ni kimoja tu. Nilimwomba anipe, akasema anayekichukua ndiye anayeendesha. Nikamwambia ninakichukua kwa niaba ya mwenyewe, nikaweka sahihi kwenye daftari lake kwa jina lako. Kimo ndani ya bahasha hii. Ndicho kilichofanya barua ivimbe.

Wasalimie watoto wote, na yule mkubwa mwambie baba yake mdogo anamdai barua. Mke wangu anawatumia salamu pamoja na malalamiko kuhusu sufuria. Baba hajui ninachoandika, lakini ameniona ninaandika, akasema nikwambie gia nimezitia mafuta vizuri.

Shemeji, wewe unayemsomea: usiruke mstari hata mmoja, na usimpunguzie. Ukifika hapa, toa kibanio, kiweke mkononi mwake, ukifunge kiganja chake. Kisha mtafutie hiyo miwani.

Nawe Kaka, njoo Jumapili hiyo kabla ya saa tatu. Nitamwambia Baba mbele yako, ubaoni, kabla ya gari lolote kuwashwa. Asipotaka kuniona baada ya hapo, ni haki yake, na wewe usinitetee. Rimoti yangu nimeitoa betri na kristali, itakuwa mapajani kwake. Mpaka ufike na hicho kibanio hakuna anayeweza kumwasha Nyigu, na mimi sitamwasha. Bana kibanio kwenye antena, panda jukwaani, usipunguze mwendo kwa ajili yangu. Kwenye kona ya mbao, pale alipochuchumaa Baba, nitakuwa nimechuchumaa mimi.

Mdogo wako,
yule mliyemwita Wakili