Kurasa Mbili Upande Mmoja

Mirongo, Mwanza
Jumatatu, 9 Februari 2026

Mdogo wangu Shigela,

Marahaba. Naitikia kabla hujaniamkia, maana nimeona nikiisubiri shikamoo yako nitazeeka nayo. Natumaini u mzima, na wifi yangu Gladness ni mzima, na watoto wanakwenda shule bila shida. Sisi huku miili haina neno. Mvua zinanyesha, mawe ya Igogo yanateleza, sato amepanda bei tena. Hizo ndizo salamu. Yanayofuata si salamu.

Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu simu yangu huipokei, na ujumbe wangu unausoma kisha unanyamaza. Barua hii inasafiri na basi. Nimemlipa mtu wa vifurushi aikabidhi mkononi mwako hapo chuoni, mbele ya wenzako, usije ukasema haikufika.

Tarehe 22 mwezi uliopita, asubuhi, waliingia dukani kwangu watu watatu. Aliyewaongoza alikuwa mama mmoja mpole, mwenye miwani, ambaye aliulizia kitabu kwa jina: kile kitabu chako cha rejea, cha majitaka na sera ya makazi katika miji ya vilimani. Agutu, fundi wangu wa mashine, unayajua maneno yake, akawauliza wanataka kava gumu au laini. Yule mama akasema wanataka vyote vilivyopo. Agutu akafurahi, akadhani ni oda ya chuo kizima, akaanza kuwapigia hesabu ya punguzo na kuwaahidi soda. Ndipo walipotoa vitambulisho vya ofisi ya hakimiliki.

Walichukua mashine zote mbili, kile kikatio kikubwa cha karatasi, na nakala kumi na moja zilizokuwa zimeshabandikwa gundi. Mlango ukapigwa lakiri. Majirani wa steshenari za pembeni wakafunga zao saa hiyo hiyo, mmoja akabandika kikaratasi kwamba amefiwa.

Sikubishana. Naijua sheria ya hakimiliki kama unavyoijua wewe, na sikuwahi kujifanya nauza nyanya. Natoa kopi za vitabu vizima. Mkusanyo wa kanuni za uhandisi, ensaiklopidia ya kemia, kamusi ya takwimu, vyote vimepita kwenye kioo changu. Niliuliza jambo moja tu: wamejuaje? Mtaa huu mzima unatoa kopi, kwa nini mimi, na kwa nini kitabu hicho? Yule mama akasema mlalamikaji ameeleza vizuri sana, akanisomea maelezo yake.

Shigela, nilikuwa nimesimama. Nilikaa.

Akasoma kwamba mlalamikaji alikuja Mwanza mwezi wa kumi na moja kama mtahini wa nje wa chuo fulani, akapewa karatasi za wanafunzi azipitie. Akaona wanafunzi wamekinukuu kitabu chake, akafurahi. Kisha akaona ajabu: jedwali la vyoo vya kwenye miamba, ambalo yeye mwenyewe aliliweka ukurasa wa 418, wanafunzi wote wameandika ni ukurasa wa 209. Picha ya mifereji ya ukurasa wa 96, wao wameandika 48. Kila namba imekatwa nusu. Akaelewa kwamba wote wamesoma nakala moja isiyo halali.

Sikukasirika kwa kukamatwa na hesabu, maana hesabu yako ni sahihi. Kitabu chako kina kurasa 612. Mimi hupunguza, naweka kurasa mbili upande mmoja wa karatasi, zinakuwa 306. Namba zako za chini zinaliwa na ukingo wa mashine, kwa hiyo napiga zangu kwa muhuri. Hivyo ndivyo tunavyofanya huku mtoto wa watu asome kwa elfu kumi na nane kitu ambacho mchapishaji wako anakiuza laki nne na nusu. Kilichoniweka chini ni sentensi ya mwisho. Ulimwita mwanafunzi mmoja nje, ukamuuliza kwa upole kitabu amekipata wapi, naye kwa fahari akakwambia: kwa Mama Favour, Mirongo. Nawe ukaandika hivyo hivyo, "mwanamke ajulikanaye kwa jina la Mama Favour."

Ajulikanaye na nani, bwana? Mwanangu Favour ulimbeba wewe siku ya ubatizo wake, akakukojolea suti.

Na ulikuwa Mwanza siku tatu. Siku tatu ulilala hotelini unaangalia ziwa, hukupanda Igogo, hukufika Mirongo, hukwenda Kigongo kumwona mama. Nafasi ya kuuliza jina langu kwa mwanafunzi uliipata.

Nilimpigia Gladness. Wifi yangu maskini hajui kusema uongo. Akasema unasema sheria ni sheria, kwamba maombi yako ya uprofesa yako mezani mwaka huu na mchapishaji ameanza kuuliza maswali, kwamba ukinifumbia macho mimi watu watasema. Nikamwuliza kama hukuweza hata kunionya kwanza, nikiwa dada yako. Akaniambia maneno uliyoyasema mezani kwako, kwamba kitabu cha kitaalamu si uji wa kumchotea kila apitaye kivukoni.

Uji wa kivukoni. Ulimsema nani hapo? Nani alikuwa anachota uji Kigongo kila asubuhi, abiria wakisubiri pantoni, wewe ukiwa umekaa nyuma ya jiko na daftari? Uji ule ulikunywa. Na mimi nilipopata mashine yangu ya kwanza, ile mbovu iliyokuwa inatoa mstari mweusi katikati, ulinipigia kutoka chuoni ukaniorodheshea vitabu. Kile cha mitambo ya maji, kile cha udongo, kile kinene cha hesabu za wahandisi. Niliviazima kwa watu, nikavitoa kopi, nikavifunga kwa kaki, nikavituma na basi. Ulishukuru sana. Waandishi wa vile vitabu uliwaandikia kuwaomba radhi? Au hakimiliki ilizaliwa siku uliyoandika cha kwako?

Usinijibu kwamba wanafunzi waende maktaba. Mwalimu Mayala, anayefundisha hilo somo kwenye chuo ulichokuja kutahini, aliwahi kuniletea kitabu kinachotumika maktabani kwao, msaada kutoka ng'ambo. Tulikisoma pamoja yeye, mimi na Agutu. Sura nzima inaeleza bomba lifukiwe kina gani ili maji yasigande kwa baridi. Agutu akauliza kama Butimba kuna theluji. Mayala alicheka mpaka akatoka nje, aliporudi hakuwa anacheka. Akasema ana wanafunzi wa Mwanza wanaojua bomba la kwenye barafu na hawajui choo cha juu ya jiwe, na wote wametoka kwenye nyumba zenye choo cha juu ya jiwe. Chako kilipotokea alikiombea fedha chuoni mara mbili. Jibu lilikuwa bajeti ijayo. Watu waliokisoma kitabu chako katika mji huu, Shigela, ukiondoa wewe, ni wateja wangu. Sikusemi vibaya kama mwandishi. Nimekisoma nikiwa napanga kurasa, na ile sura ya Igogo ni nzuri. Ndiyo maana nachukia zaidi.

Sasa lipo jambo ambalo sikumwambia yule mama mwenye miwani. Aliniuliza nakala halisi, ile niliyotolea kopi, niliipata wapi. Nikasema niliinunua kwa mchuuzi asiyejulikana. Nilidanganya, na akaandika uongo wangu kwa mwandiko mzuri. Wewe nakueleza ukweli.

Ililetwa na mama.

Ilikuwa mwaka jana, daraja lilipofunguliwa na pantoni ikakosa watu. Mama alikuwa hana wa kumuuzia uji, akapata muda wa kufikiri, na unajua mama akipata muda wa kufikiri. Akaja dukani na kitabu kimefungwa kwenye kanga, ndani ya mfuko wa mchele, akakiweka juu ya kaunta, akaniambia toa. Nikamuuliza nitoe nini. Akasema vitoe vingi. Akasema wageni wake wanakigusa kwa vidole, wanaangalia picha za Igogo, wanamsifu, wanakula, wanaondoka. Hakuna anayesoma. Mwanawe hakuandika kitu kizito vile ili kikae sandukuni na mashuka.

Nilimkatalia. Nilimweleza kwamba kutoa kopi ya kitabu cha mtu kunataka ruhusa yake, na kwamba vya wengine navitoa kwa kujificha, ila cha kwako naogopa. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniuliza: Shigela alinipa au aliniazima?

Unaikumbuka Krismasi ile. Ulisimama uani Kigongo, mchungaji yupo, shangazi wapo, ukamkabidhi kitabu kwa mikono miwili ukasema kwa mdomo wako, mama, hiki ni chako, fanya nacho unavyotaka. Vigelegele vilisikika mpaka majini. Mama akanikumbusha hayo kisha akanifundisha kama mtoto. Ng'ombe aliyeletwa kwako umtunze, maziwa unakunywa lakini ndama anarudi kwa mwenyewe. Ng'ombe uliyepewa mbele ya watu, ndama ni wako, na ndama wa ndama ni wako, na aliyekupa akija kumdai anachekwa. Nikamwambia mama, kitabu si ng'ombe. Akasema basi mlete huyo Shigela aseme mbele ya watu wale wale kwamba aliniazima.

Nikawasha mashine. Nilipiga namba zangu kwa muhuri huku ameketi kwenye kiti cha Agutu anaangalia. Tangu siku hiyo kila mwisho wa mwezi ananiuliza wamefika wangapi, na Jumapili anakwenda kuwatangazia kanisani. Mara ya mwisho nilimwambia themanini na saba. Aliwahesabia wote kama wajukuu.

Mashine zilipochukuliwa nilimficha mama habari hizo. Juzi Jumamosi akaja mwenyewe bila kunipigia, akakuta lakiri mlangoni. Hakulia. Aliomba kigoda kwa jirani, akakaa pale nje kwenye jua, akauliza nani. Nikasema kuna mtu amelalamika kwamba kitabu kinatolewa kopi. Nilikuwa nimeshafungua mdomo niseme jina. Kabla sijasema, mama akatikisa kichwa akasema amemjua. Si kwa jina, kwa tabia. Ni mtu huko Dar anayemwonea Shigela wivu kwa elimu yake, asiyetaka kazi yake isomwe na watu wa kwao, na ameona njia ya kuizima ni kumfungia dada yake duka. Nikafunga mdomo. Agutu aliniangalia, akaenda kununua maji ambayo hakuna aliyeyataka.

Tangu hapo anamwombea mtu huyo aibu. Asubuhi na jioni, kwa sauti. Jana amewaombesha na kina mama wa kanisa.

Shauri letu litasikilizwa hapo ofisi ya hakimiliki Alhamisi ya wiki ijayo, tarehe 19, saa tatu asubuhi, na mlalamikaji ameitwa awepo. Mama atakuja. Atakuja na kitabu chenyewe ndani ya kanga ile ile, aseme kwamba mwenye ng'ombe ni yeye, mimi nilikuwa nakamua tu. Agutu alijaribu kumtisha kwamba wanaweza kumweka ndani na yeye. Akamuuliza kama huko ndani kuna pa kukaa, maana magoti yanamsumbua.

Sikuombi ufute malalamiko yako. Andika hivyo kwa mchapishaji wako: dada hakuomba. Faini wakinipa nitalipa, mashine wakizichukua kabisa nitatafuta nyingine, nilianza na mbovu na mstari wake mweusi na nikakusomesha nayo. Ukitaka kuja, njoo na sheria yako, ni haki yako. Nimeona tu ujue nani atakuwa ameketi kwenye benchi.

Gladness msalimie, mwambie sina kinyongo naye. Watoto wabusu. Agutu anakusalimu, ingawa salamu yake nyingine nimeiacha. Mama anakusalimu sana, anasema amefurahi kusikia na wewe umeitwa, amejua umeitwa kumtetea. Ila sikio lake la kulia limeziba tangu ile homa, na hao watu wa ofisini husoma haraka. Kwa hiyo amenituma nikuombe ukae karibu naye, upande wa kushoto, ili jina la mlalamikaji likisomwa umrudie wewe sikioni, pole pole, alisikie vizuri.

Mimi dada yako,
Sabina