Mlango wa Banda la Karafuu

Baba yangu,

Asalaam alaykum. Kaka zangu huja kukusalimu makaburini kila Ijumaa. Sisi wanawake hatuendi, kwa hiyo mimi nimeamua kuandika.

Tumo katika msimu wa karafuu. Kiuyu nzima inanukia, na majamvi yameanikwa mpaka uwanjani kwetu. Mama hajambo. Sare yako ya kazi ameifua na kuipiga pasi, na hataki mtu aiguse. Mimi niko kidato cha tatu, nimechagua sayansi.

Nina habari, Baba. Omari, mtoto wa Bi Asha jirani, alianguka mkarafuuni. Tawi lilikatika, akaja chini na pakacha lake. Mimi nilikuwa hapo karibu, nachambua karafuu. Unawajua watu wetu: mtu akianguka hawataki alale chini hata kidogo, kana kwamba ardhi itamchukua. Walimjia mbio, huyu anamshika kwapa, yule analeta maji. Bi Asha analia, "Mwinueni, mwinueni mwanangu."

Nikapiga magoti, nikamshika Omari kichwa kwa mikono miwili, kama ulivyonifundisha sebuleni, wewe umelala sakafuni unajifanya mahututi na Mama anacheka: "Huyo mgonjwa wenu mbona anakoroma?" Nikasema asiinuliwe. Mzee Faki, mwenye shamba, akanambia, "Toka hapo, mtoto we, waachie wakubwa."

Nikasema: "Mimi mtoto wa Juma wa gari la wagonjwa."

Wakamwachia, Baba. Jina lako tu.

Omari alisema vidole vya miguu vimekufa ganzi. Hapo niliogopa. Nikamwomba Mzee Faki mlango wa banda lake la karafuu, wakaung'oa. Tukamlaza juu yake sote kwa pamoja, kwa hesabu yangu, shingo isipinde, tukamfunga kwa kanga. Omari akasema, "Mnanifunga kama mbuzi wa Idi." Nikamwambia mbuzi hana maneno mengi hivyo.

Gari lilipofika, aliyeshuka ni Bi Salma, mwenzako, ambaye sasa anakaa kiti chako. Alimvisha Omari kola ya shingo, akayatazama mafundo ya kanga, akayagusa. Hakuyafungua. "Mafundo haya nayajua," akasema, kisha akanigeuzia mgongo kidogo.

Jioni ile nilikimbia nyumbani kukuhadithia. Nilifika mpaka mlango wa chumba chako. Basi.

Daktari alisema mfupa wa shingo uliingia ufa. Lau angeinuliwa vile walivyotaka, huenda asingetembea tena. Juzi nimemwona anakwenda msikitini kwa miguu yake, pole pole, na Bi Asha nyuma yake anamgombeza asigeuze kichwa.

Mlango wa banda umerudi mahali pake. Mzee Faki hakuupigilia misumari. Ameufunga kwa kamba, na fundo lenyewe aliniita mimi nimwoneshe. Anasema msimu bado haujesha, ukitakiwa utoke upesi.

Nakuombea kaburi lenye nuru na nafasi, Baba. Nakuahidi nitasoma mpaka nipande gari lile. Na popote nitakapopiga magoti, akitokea wa kuniuliza mimi nani, jibu ninalo.

Mwanao,
Zuhura