Baba Mkwe na Kopo la Oili Chafu

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla nyumba yangu haijavunjika, maana nimejitumbukiza kwenye uongo ambao sikuupanga, na chanzo chake, najua utacheka, ni cheni ya pikipiki.

Mimi napeleka mikate madukani, na nikimaliza mzunguko wa asubuhi narudi kumchukua mke wangu, mwalimu wa chekechea, nimfikishe kazini. Tunaishi na baba yake, aliyekuwa fundi cherehani mpaka macho yakamchoka akashindwa hata kutunga uzi, akahamia kwetu na cherehani yake asiyoitumia, akawa anashinda sebuleni akipapasa mikono ya kiti, hadi siku moja akasikia pikipiki yangu inakwaruza akasema, "Mwanangu, mashine hiyo ina kiu." Basi akawa amepata kazi. Kila jioni nikiingiza pikipiki uani anatoka na kopo la oili chafu, ile nyeusi inayomwagwa kutoka kwenye injini, anayopewa bure gereji, anachovya brashi kuukuu ya kunyolea ndevu na kuipaka cheni mpaka inachuruzika, huku anapiga mluzi, na mke wangu ananiambia hajamsikia baba yake akipiga mluzi tangu aache kushona.

Tatizo ni kwamba cheni hazidumu. Nilimgombeza muuza spea kuwa ananiuzia bandia, akaapa, tukakosana. Halafu asubuhi moja, tukiingia kwenye mzunguko wa barabara, cheni ikaruka kwenye meno, pikipiki ikayumba, mke wangu akaweka mguu chini ukapinda, na lori lililokuwa nyuma yetu likafunga breki kiasi kwamba nilisikia joto lake mgongoni. Mzee tulimwambia binti yake amejikwaa kwenye ngazi za shule. Fundi wa pikipiki alipoitazama cheni aliniambia, "Kaka, hii haikufa njaa, imekufa kwa kushiba uchafu."

Sasa mshauri, nitamwambiaje? Sijawahi kumwambia mkwe wangu hapana, hata kwa chumvi ya mezani. Nikaona nimkwepe: jioni naiacha pikipiki uani kwa jirani yetu msusi, narudi kwa miguu, nasema iko gereji. Mzee ananipokea mlangoni na kopo mkononi, "Bado haijapona, mwanangu?" Na jana mke wangu kaiona kwa msusi. Ameniuliza swali moja tu: "Siku hizi pikipiki nazo zinasukwa?" Tangu hapo anaamini nina jambo na huyo mwanamke, na nguo zake chache amezikunja juu ya sanduku. Nifanye nini?

Mpeleka mikate

MSHAURI ANAJIBU

Mpeleka mikate, nimecheka, kama ulivyotabiri, halafu nikafika kwenye lile lori nikaacha.

Fundi wako amesema kweli ila amekata maneno, kwa hiyo nitamalizia. Cheni ni vipande vidogo vingi vilivyoungwa kwa pini, na kila pini inajizungusha ndani ya kijibomba chake kila cheni inapopita kwenye meno. Hapo ndani ndipo inapolika. Watu husema cheni imevutika, lakini chuma hakivutiki kama mpira: kila pini imelika kidogo, ulegevu wa zote ukijumlishwa cheni inakuwa ndefu, haikai tena vizuri kwenye meno, inapanda juu yake na kuruka. Mafuta yanatakiwa yafike kwenye pini. Yale yanayochuruzika nje hayana kazi ila kukamata vumbi, na vumbi likichanganyika na mafuta linakuwa dawa ya kusagia chuma. Oili chafu ni mbaya zaidi, kwa sababu inakuja na masizi na chembe za chuma kutoka kwenye injini. Mzee alikuwa anaipiga msasa cheni yako kwa upendo mkubwa.

Usije ukakimbilia upande wa pili ukaiacha kavu. Kavu inashika kutu, viungo vinakakamaa, inakufa vilevile. Isafishe kwa mafuta ya taa na brashi, ifute hadi ikauke, kisha tia oili safi ya gia, kidogo kidogo, upande wa ndani wa cheni, huku gurudumu la nyuma likizungushwa kwa mkono. Iache inywe, halafu futa yote yaliyobaki nje. Injini iwe imezimwa, tafadhali, maana cheni inayoendeshwa na injini inakata vidole. Na unapoweka cheni mpya badilisha pia zile sahani za meno, ya mbele na ya nyuma, kwani meno yaliyochongoka yataila cheni mpya kama yalivyoila ya zamani. Usiikaze kama kamba ya kuanikia nguo, iache icheze kidogo. Kisha nenda kwa muuza spea ukamwombe radhi.

Nyumbani sasa. Unajidai una heshima. Heshima gani hiyo ya kumwacha mzee asimame mlangoni kila jioni na kopo, akiulizia pikipiki iliyolala nyumba ya pili? Unamchezea mtu asiyeona vizuri, kijana wangu, na hilo silipambi kwa jina zuri.

Anza na mke wako, leo, kabla hajafunga hilo sanduku. Mpeleke kwa msusi, mwambie ulichokuwa unafanya hapo, na kama ni aibu, ni ya kwako, ibebe. Mpaka pikipiki itengenezwe asipande nyuma yako. Kama mguu umepona atembee, nawe utembee naye.

Kisha kaeni wote wawili na mzee. Usimfundishe, muulize: "Baba, cherehani ulikuwa unaitiaje mafuta?" Atakwambia alifungua, akatoa nyuzi na vumbi, akafuta, akadondosha tone mahali pake, akashona kitambaa kibovu kwanza mpaka mafuta yaishe kuchafua. Kazi hiyo hiyo ndiyo cheni inayoitaka, na vidole vyake vitagundua kiungo kilichokakamaa hata kama macho hayakioni. Kwa hiyo kazi usimnyang'anye.

Lakini usiishie hapo kwa sababu umeona njia rahisi. Mwambie pia kwamba mguu wa binti yake haukupinda kwenye ngazi, na kwamba lori lilikuwa karibu. Ataumia, na kwa muda hutasikia mluzi wowote uani. Mwache aumie. Ni baba yake, na mlimficha.