Mbuzi ya Mwalimu wa Kupumua

Kiirua, Jumapili

Mama Njagi wangu,

Pokea salamu za mlinzi mzee wa stoo ya viazi, ambaye baridi ya huku imemkausha mpaka masikio. Nikiuliza hali yako nitakuwa mnafiki, maana kila anayetoka huko kwetu Mbeere ananiambia mgongo wako umenyooka kama wa msichana. Wangu uko vile uliuacha.

Naandika kwa kalamu kwa sababu nikipiga simu mjukuu anafungua sauti yote na boma nzima inacheka.

Hayo mazoezi yenu ya asubuhi kanisani sikuyapinga. Kunyoosha mikono, kufumba macho, kuvuta pumzi pole pole, kukaa kimya roho itulie. Mimi kukaa kimya nikitazama mbele nimefanya maisha yangu yote, majani ya muguka ya kutafuna shavuni, na hakuna mama hata mmoja alinifanya mwalimu. Nilichokataa ni ile picha Njagi alinitumia: wewe mikono juu, na huyo Mwalimu wenu wa kupumua, mjane mwenye meno yote, amekushika kiwiko. Nikakuuliza, ukanijibu, "Ananionyesha pumzi inakaa wapi. Wewe tangu tuoane umenionyesha nini, isipokuwa mgongo ukienda zako?"

Ndipo nikamtuma ndugu yangu Ireri akadai faini. Anayegusa bibi ya mtu analipa mbuzi. Hata marehemu baba angesema hivyo. Nilijua mwalimu wa pensheni atabisha, tupate kesi, aaibike. Kumbe huko kupumua kumemtoa hasira. Akaleta mbuzi mwenyewe, mchana, siku ya soko, amevaa koti.

Sasa mwanamume mjane akivuta mbuzi mpaka kwa boma ambayo mwenyewe hayuko, watu wetu wanasema amekuja kufanya nini? Wanasema anaposa. Na wewe ukampikia chai. Ya maziwa. Ireri alinieleza akicheka mpaka simu ikakatika. Hata Mutwiri, Mmeru ninayelinda naye hapa, ananiuliza kila jioni, "Mzee, mahari ya bibi yako imefika wapi?"

Nimejaribu hayo mazoezi nitulie. Nilisimama nyuma ya stoo, nikafumba macho, nikavuta pumzi. Niliyemkuta huko ndani ni Mwalimu, na koti lake.

Hiyo mbuzi usiichinje, na usiipe majani mazuri ikazoea. Nimepewa ruhusa, nashuka Jumamosi na lori ya viazi. Nitaivuta mimi mwenyewe mpaka kwa Mwalimu, kupitia sokoni, kila mtu aone posa imerudi.

Salimia Ireri, acheke sasa kabla sijafika. Salimia kijana wetu Njagi mpenda picha, na mama yako, mkwe wangu, ambaye najua yuko upande wa Mwalimu.

Nikitoka kwa Mwalimu nitakuja nyumbani. Unishike kiwiko, bega, popote unapotaka, hata watu wakitazama, unionyeshe hiyo pumzi inaingilia wapi. Kwa sababu tangu nisikie habari ya ile chai, sijaipata.

Ni mimi mume wako, mpaka niambiwe vingine,
Baba Njagi