Bunduki ya Royce Haikwami

Nadine Hostetter,
Weatherford, Oklahoma.
9 Novemba

Mpendwa Delaney, mwanangu,

Hujambo huko Alaska kwenye giza na theluji? Naomba barua hii ikukute mzima, na kile kikohozi ulichokuwa ukikilalamikia kiwe kimekwisha. Mtoto ameanza kutembea au bado anatambaa? Huku tu wazima kiasi cha kushukuru. Bega langu la kulia, lile walilolitia skrubu nilipoteleza kwenye barafu, linatabiri mvua kuliko redio. Ng'ombe wa jirani wamevunja ua tena. Upepo ni uleule unaoujua.

Najua umeninunia, na una haki. Uliniandikia tangu kiangazi ukiniuliza mambo mawili: ununue bunduki gani ya marisau kwa mashindano ya bunduki tatu, yale ya bastola, raifo na marisau, na ile ya mume wangu, baba yako mkubwa Royce, aliyokuahidi kwa mdomo wake mezani kwetu Sikukuu ya Shukrani, nitakupa lini. Nikakaa kimya kama maji mtungini. Haukuwa uchoyo, mwanangu. Nilikuwa naogopa, na leo nitakueleza nilichokuwa nakiogopa.

Nianze na la kwanza, maana ni jepesi. Usinunue kwa macho. Kuna watu kikosini kwetu, kundi tunaloshindana pamoja, wenye bunduki za rangi rangi kama keki ya harusi, na kila mashindano wanaonekana wamepiga magoti wakichokonoa risasi iliyokwama kwa bisibisi. Zinazojipakia zenyewe ni za aina mbili. Ya gesi hunywa sehemu ya moshi wa risasi yake na kuutumia kujisukuma. Ni nzito, hujaa masizi, na usipoisafisha inakugomea, lakini teke lake ni la upole na haijali nani ameishika. Ya pili hutumia teke lenyewe: bunduki inaruka nyuma, na mruko huo ndio unaotupa ganda na kuingiza risasi nyingine. Ni nyepesi, haichafuki, na ukiwa unakimbia huku unapakia utaipenda. Ila inataka bega lililosimama. Ukiilegezea, inapiga moja na kukwama.

Azima kwanza kabla ya kununua. Unaijua desturi yetu: bunduki ya mtu ikivunjika katikati ya mashindano, wenzake wanagombania kumwazima, hata yule anayeongoza humwazima anayemfukuzia. Kwa hiyo hakuna atakayekunyima. Ipige kasha zima la risasi za bei rahisi bila kuisafisha. Ikikwama, ipe nafasi ya pili. Ikikwama tena, mrudishie mwenyewe na asante.

Ya Royce ni hiyo ya teke. Na mimi, kwa bega hili, bunduki ya teke haiwezi kufanya kazi mikononi mwangu. Nimejaribu ya Twyla, rafiki yangu wa kikosini, ambayo ni pacha wa ile ya Royce, ikakwama kila nilipofyatua. Dub Lassiter, msimamizi wetu, alicheka mpaka akashika magoti. "Nadine, hiyo si bunduki, ni nyumbu," akaniambia. "Nenda kanunue ya gesi, acha ukaidi wa kizee."

Ya Royce haikukwama hata siku moja.

Nimeuza spea za matrekta maisha yangu yote, Delaney. Mashine ikifanya kazi ipo sababu, na ikigoma ipo sababu. Kwa hiyo vumilia nikupe sababu, hata kama utaniona nimechanganyikiwa.

Hukuwepo alipokufa. Walikuambia ni moyo, wakaishia hapo. Ilikuwa Aprili, asubuhi, kwenye uwanja wa sahani za chuma tunazozilenga. Zamu yake ilipofika Dub akasema anavyomwambia kila mtu, "Pakia, ujiandae." Royce akapakia, akasimama na bunduki mikononi. "Uko tayari?" Akaitikia kwa kichwa. "Subiri." Dub alikuwa ameshabonyeza kisaa chake cha kupimia muda Royce alipoanza kwenda chini, na mlio wa kuanza ukalia yeye akiwa amelala kifudifudi. Watu wakapiga kelele. Mmoja akaichukua bunduki na kuitoa risasi. Mimi nilikuwa kwenye udongo mwekundu nimekishika kichwa chake, namwita, naye ameshaondoka. Au ndivyo nilivyodhani.

Nilirudi uwanjani mwezi wa saba kwa sababu nyumba ilikuwa kimya mno. Nikaichukua bunduki yake kwa kumkumbuka tu, nikijua itanitia aibu. Nikafyatua, sahani ikaanguka. Nikafyatua tena, na tena, bunduki inakwenda kama cherehani, na bega haliumi. Ndipo nikahisi kiganja katikati ya mgongo. Kimetulia, kizito, palepale alipokuwa akinishika miaka ile akinifundisha, akiniegemea na kuniambia, "Simama, mama, mimi ndio ukuta wako." Nikamaliza, nikageuka. Dub alikuwa kando yangu, mikono yote miwili kwenye kisaa chake. Nyuma yangu palikuwa na nyasi tu.

Nilifurahi. Sitakuficha. Kiangazi chote nilikuwa nakwenda mashindanoni kama msichana anayekwenda kwenye dansi. Ndiyo maana sikukujibu. Ningekutumiaje bunduki ile?

Mwezi wa tisa ya Twyla ikavunjika, nami nikamwazima ya Royce. Ningekataaje mbele ya kikosi kizima? Unamjua Twyla, mtu anayetania hata msibani. Alipiga vizuri kuliko siku zote, kisha akairudisha rafuni bila utani wowote, akaja kukaa karibu yangu.

"Nani alikuwa ananiegemea?"

"Hakuna mtu. Ulikuwa peke yako."

"Nadine, usinifanye mtoto. Mtu alikuwa ananipumulia kisogoni. Ananuka tumbaku ya mnanaa." Akajifuta shingo kwa kitambaa, akajifuta tena. "Na ana haraka, huyo mtu. Ana haraka sana."

Tumbaku ya Royce niliijua, lakini lililonikaa rohoni ni lile neno haraka. Mimi nilikuwa nimehisi kuegemewa, sikuwa nimehisi haraka. Lakini baada ya Twyla kusema, nikaanza kuihisi. Kila mashindano kiganja kilikuwa kizito zaidi, na vidole vilikuwa vinapigapiga mgongoni, vile alivyokuwa akipigapiga meza mkahawani chakula kikichelewa.

Mwezi uliopita nilikuwa mstarini, bunduki ina risasi, namsubiri Dub. Kiganja hakikuegemea. Kilisukuma. Nikapiga hatua mbele kabla ya mlio, mtutu ukayumba, na Dub akanguruma, "Simama! Simama hapo hapo!" Unajua kosa hilo linavyoweza kuua mtu. Twyla akaja kunishika.

Dub alinipeleka nyuma ya pikapu yake. Nilitegemea kufukuzwa.

"Unaumwa?"

"Nasukumwa," nikamjibu. Nikamweleza yote, nikingoja anicheke.

Hakucheka. Alivua kofia, akaizungusha mikononi kama mtu aliyeitwa na mwalimu mkuu. "Mimi ndiye niliyemwanzisha Royce," akasema. "Sikumfunga, Nadine. Miaka yote hii hakuna mtu niliyemwanzisha nikamwacha bila kumfunga, ila yeye."

Wewe hujaanza mashindano, kwa hiyo nikueleze. Kila mtu akimaliza kupiga, msimamizi humwambia, "Kama umemaliza, toa risasi, nionyeshe." Anainama, anaangalia ndani ya bunduki, anasema iko tupu, kisha anatangaza uwanja uko salama. Kabla ya maneno hayo hakuna anayeruhusiwa kuondoka mstarini, awe nani. Kwa Royce mlio ulilia, na maneno ya kufunga hayakusemwa.

"Basi niruhusu nimfunge," Dub akasema.

Nikamkatalia. Nikamwambia mambo mabaya ambayo nimeshamwomba radhi. Nilijua akimfunga nitabaki na bega bovu na nyumba ile, basi. Nikaenda zangu, na siku kadhaa sikupokea simu ya mtu.

Kilichonigeuza ni kupika maharage. Nilikuwa nimesimama jikoni nangoja yaive, nikajikuta napigapiga meza kwa vidole. Nikamwona Royce, mtu aliyekuwa hawezi kungoja hata taa za barabarani, amesimama juani tangu Aprili na bunduki yenye risasi, amefunzwa asiondoke mpaka aruhusiwe, nami najua na nimemwacha hapo kwa sababu ananifaa mgongoni. Niliona haya. Nikampigia Dub.

Ilikuwa Jumamosi iliyopita, mchana kweupe. Wengine walikuwa wanakula nyuma ya magari yao. Dub akasimama pale mstarini pembeni ya mahali ambapo hapakuwa na mtu. Twyla akavua kofia. Mimi nikasimama nyuma, na kwa mara ya kwanza mgongo wangu ulikuwa baridi.

"Kama umemaliza," Dub akasema kwa sauti yake ileile ya kazi, "toa risasi, nionyeshe."

Tukangoja muda ambao mtu huchukua kutoa risasi. Upepo ulikatika, wewe umekulia hapa, unajua jambo hilo lilivyo adimu. Dub akainama kama anavyowainamia wote, akaangalia. Alikaa pale zaidi ya inavyohitajika kuangalia hewa. Kisha akaitikia kwa kichwa, polepole, kama unavyomwitikia mtu anayekutazama.

"Iko tupu." Akajinyoosha. "Uwanja uko salama, Royce. Nenda."

Nilimuuliza baadaye aliona nini. "Niulize mwaka mwingine," akasema, akaenda kukaa ndani ya gari lake na kufunga mlango.

Mimi nikaichukua bunduki, nikapakia, nikafyatua. Ikakwama. Nikaitoa ganda, nikafyatua tena. Ikakwama, na maumivu ya bega yakanishuka mpaka kwenye kiuno. Twyla alikuja kunikumbatia huku analia na kucheka, ananiambia, "Pole, shoga yangu. Pole sana." Nililia ndani ya pikapu mpaka vioo vikafanya ukungu. Bega limepiga weusi sasa hivi ninapoandika.

Kwa hiyo hili ndilo jibu lako la pili. Mimi nimejinunulia ya gesi, kuukuu, nzito kama lango la zizi, na inafanya kazi. Ya Royce inakuja kwako. Itapitia kwa muuza bunduki mwenye leseni wa hapo mjini kwenu, nenda na kitambulisho. Una mabega mapana ya akina Hostetter, itakufaa kuliko zote za dukani. Anza na risasi nzito kidogo, ikizoea ndipo uijaribu nyepesi. Ikumbatishe bega, egemea mbele, usiiogope.

Msalimie mumeo Anders, mwambie samaki wake wa moshi walifika na nimewala peke yangu bila aibu. Mbusu mtoto wetu Wren kwenye kila shavu. Baba yako Garland anasema atakupigia Jumapili baada ya kanisa, na Twyla anakusalimu. Mungu awatie joto huko mliko na awaepushe na kila lililo baya.

Ukiwa mstarini, mwanangu, simama mwenyewe. Nyuma yako hakuna mtu. Na ikitokea siku ukahisi kiganja mgongoni, nakuomba usiniambie. Nitaitaka bunduki irudi.

Ni mimi nikupendaye sana,
Mama yako mkubwa,
Nadine